Bomba Lililomngoja Mgeni Rasmi

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini sitalitaja hapa kwa sababu bado halijazinduliwa. Lilichaguliwa na wataalamu zamani, likachongwa kwenye jiwe jeusi, jiwe likafunikwa pazia, na pazia linangoja mtu wa kuvuta kamba. Kwa sasa tunaiita "nchi yetu" tu, na hadi leo hakuna aliyepotea njia.

Mimi naitwa Pazi. Nilikuwa mshereheshaji wa hospitali ya wilaya. Najua msomaji wa nchi nyingine atauliza hospitali inahitaji mshereheshaji wa nini. Huko kwenu pengine mna daktari wa macho, mna na mashine ya kupiga picha mifupa. Sisi vyote hivyo tunavyo, viko kwenye mpango. Lakini mshereheshaji alikuwepo mwenyewe, na ofisi, na kipaza sauti, na spika kubwa kuliko kabati la dawa, maana kwetu hakuna kitu cha umma kinachotumika kabla hakijazinduliwa, na hakuna uzinduzi bila mtu wa kusema, "Sasa kwa heshima na taadhima namkaribisha mgeni rasmi."

Nimesherehesha uzinduzi wa vitanda, wa mashuka, wa mizani ya watoto. Nimesherehesha uzinduzi wa shimo la taka. Shimo lile lilikaa tupu msimu mzima wa mvua, taka zikirundikwa pembeni yake kwa adabu, mpaka Naibu Waziri alipokuja kutupa bandeji ya kwanza. Ilikuwa bandeji mpya, imepigwa pasi. Watu walipiga makofi mpaka mbwa wakakimbia.

Basi siku moja likaletwa bomba.

*

Kabla ya bomba, wodi ya wazazi ilikuwa na kibuyu chirizi. Dumu la mafuta ya kula lilitundikwa kwenye mti nje ya mlango, likafungwa kamba, kamba ikashuka hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika mikononi, na hugusi kitu. Kipande cha sabuni kilining'inia pembeni ndani ya soksi. Aliyekitundika ni Nyamizi, msaidizi wa tabibu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kusema jambo hilohilo mara nyingi. Hakikuzinduliwa na mtu. Nadhani hiyo ndiyo sababu kilifanya kazi.

Bomba lilikuwa la kung'aa. Lilifungwa ukutani ndani ya wodi juu ya sinki jeupe, maji yakavutwa kutoka tangini, fundi akafungua kidogo kujaribu, yakatoka, akafunga haraka kama mtu aliyeona utupu wa mkwe wake. Hapo hapo Afisa Itifaki wa Wizara ya Afya na Uzinduzi, Bwana Kiligo, akatoa mfukoni utepe wenye rangi za taifa, akalizungushia bomba, akafunga fundo la kipepeo.

"Mgeni rasmi atakuwa Mheshimiwa Waziri mwenyewe," alisema. "Na hicho kidubwana hapo nje kiondolewe. Kitaingia kwenye picha."

"Mheshimiwa, kikiondolewa tutanawa wapi?" Nyamizi akauliza.

"Si bomba hilo hapo?"

"Basi tufungue utepe."

Bwana Kiligo akamtazama kwa huruma. "Dada yangu, bomba likitumika kabla ya uzinduzi, Mheshimiwa atazindua nini? Mtumba?"

"Na Mheshimiwa anakuja lini?"

"Tarehe itatangazwa."

Mganga Mfawidhi wetu, Dakta Lwanda, alikuwa amesimama nyuma yake akitikisa kichwa kukubali. Dakta Lwanda si mtu mbaya. Aliwahi kuwa daktari hodari, ila tangu apewe ofisi yenye zulia hajui tena mikono yake aiweke wapi. Alimwambia Nyamizi, "Vumilia, mama. Ni siku chache." Kibuyu chirizi kikateremshwa, kikapelekwa stoo. Kitakasa mikono kilikwisha kabla ya masika. Glavu zilikuwepo, tena boksi zima, zikihifadhiwa kwa ajili ya meza ya maonyesho siku ya uzinduzi.

Juu ya mlango wa wodi likatundikwa bango: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE.

*

Ili muda usipotee bure, wizara ikatuletea Semina ya Stadi za Msingi na Usalama wa Mgonjwa kwa Wasaidizi wa Tabibu. Nilisherehesha mimi. Mwezeshaji alikuwa kijana mwenye tai, mcheshi, anayempenda kila mtu. Alifundisha kupima joto la mwili, lakini vipimajoto vilikuwa bado na utepe, kwa hiyo wasaidizi wakajifunza kukisia. Alifundisha kumuuliza mgonjwa jina lake kamili kabla ya kumchoma sindano, na hilo kwa bahati nzuri halikuhitaji kuzinduliwa. Kisha akawapanga mbele ya sinki.

"Lowesha!" akasema. Wasaidizi wakanyoosha mikono chini ya bomba lenye utepe.

"Sabuni! Kiganja kwa kiganja! Nyuma ya mkono! Katikati ya vidole! Msisahau gumba, gumba husahaulika!"

Walisugua hewa. Nyamizi alikuwa ametoka kuhudumia mzazi, na mikono yake ilikuwa na damu hadi kwenye kifundo. Alisugua damu ile kiganja kwa kiganja, nyuma ya mkono, katikati ya vidole, hakusahau gumba.

"Suuza! Kausha! Safi sana, dada. Wewe umenawa vizuri kuliko wote."

"Asante, mwalimu," Nyamizi akajibu. Akasimama anaitazama mikono yake, kisha akauliza, "Sasa hii nirudi nayo kwa mgonjwa?"

Mwezeshaji akacheka, akadhani ni utani. Tukapiga picha ya pamoja.

*

Siku zile ndipo mdogo wangu Sikudhani alipoletwa kujifungua. Ni mdogo wangu wa mwisho, mama alitufia yeye akiwa hajaota meno, na mimi ndiye niliyemlea kwa uji na kelele. Mtoto alilala vibaya tumboni, ikabidi apasuliwe. Chumba cha upasuaji ni jengo jingine, lilizinduliwa na Waziri wa awamu iliyopita, maji yake yanatoka, ila wasaidizi wa wodini hawaruhusiwi kuingia. Upasuaji ulikwenda vizuri. Mtoto wa kike, mwenye sauti kunizidi mimi na spika zangu. Nilifurahi nikasahau mshahara na cheo.

Kisha akarudishwa wodini, kwenye kitanda kilichoelekeana na bomba.

"Kaka," aliniambia, "mbona wanalitazama tu hilo bomba?"

"Linangoja mgeni rasmi."

"Na mimi nikisafishwa kidonda, wananawa wapi?"

Mimi nilikuwa nalipwa kwa kuwa na jibu. Nilimwambia alale, asichoke.

Nyamizi ndiye aliyetafuta njia. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya vibanda vya chipsi, anakaa Bi Mwamvita, mjane mwenye kisima na moyo. Nyamizi alianza kwenda kunawa kwake. Kuingiza ndoo wodini kulikuwa kumekatazwa, kwa kuwa ndoo ingeonyesha kwamba bomba halitoshi. Kwa hiyo ananawa kwa Bi Mwamvita, kwa sabuni, hadi viwikoni, kisha anarudi barabarani ameinua mikono juu, vidole vimetanuka, asiguse mlango wala nguo wala salamu. Wasaidizi wenzake wakaiga. Ikawa kawaida, kabla ya kusafisha kidonda, kuona wanawake wawili watatu wenye aproni wakivuka lami mikono juu, malori yakiwapigia honi. Wauza chipsi, mikono imejaa mafuta, waliwafungulia geti kwa goti.

Haikuchukua muda polisi wakaja. Taarifa ilikuwa imefika kwamba watumishi wa afya wanaandamana bila kibali, tena kwa ishara za kujisalimisha, jambo ambalo lingeweza kutafsiriwa vibaya nje ya nchi.

"Shusheni mikono!" askari akaamuru.

"Afande, nikishusha itagusa aproni, na aproni ni chafu," Nyamizi alisema. "Nitakuwa nimenawa bure."

"Nimesema shusha."

Akashusha. Akageuka, akarudi kwa Bi Mwamvita kunawa tena. Akashushwa tena. Siku hiyo alivuka barabara mara nyingi kuliko mbuzi, na mara ya mwisho alipofika wodini alikuwa analia, si kwa kuogopa, ni uchovu tu. Mwishowe kituo cha polisi kikakubali wavuke mmoja mmoja, kwa sababu mtu mmoja si maandamano.

Mmoja mmoja hawakutosha. Wodi ilikuwa imejaa.

*

Kitanda cha jirani na Sikudhani alilala Mwasiti, muuza maandazi wa stendi, naye kapasuliwa. Kidonda chake kilianza kunuka. Homa ikapanda. Nyamizi alimsihi Dakta Lwanda, Dakta Lwanda akampigia Bwana Kiligo, Bwana Kiligo akasema tarehe iko mbioni. Mwasiti alikuwa akimpa mdogo wangu umbea wa stendi yote, nani kamkimbia nani. Kisha akaanza kuropoka. Kisha akanyamaza. Alikufa asubuhi, chai ikiwa bado ya moto kwenye kikombe chake.

Wizara ilituma salamu za rambirambi, zikasomwa na Bwana Kiligo mbele ya ndugu wa marehemu. Alisoma kwa sauti nzuri. Mwisho akaongeza, ili kuwafariji, kwamba takwimu za usalama wa mgonjwa katika wodi hii zitaanza kuhesabiwa siku ya uzinduzi wa bomba. Kwa hiyo hadi sasa wodi haijapoteza mtu hata mmoja. Mwasiti, kitakwimu, hajafa.

Mume wake aliuliza, "Basi nimchukue nirudi naye nyumbani?"

Mimi nilikuwa nimeshika kipaza sauti, na nilijisikia vibaya kukishika. Nilitamani kukitupa. Sikukitupa, maana ni mali ya umma, na kilizinduliwa.

Siku iliyofuata nilimkuta Sikudhani amejikunyata, anatetemeka jua likiwaka. Akaniambia, "Kaka, kinanichoma," kwa sauti ya mtoto niliyemlisha uji. Nikajua zamu imefika kwetu.

*

Tarehe ikatangazwa. Nisikilizeni niwaambie jinsi tulivyojiandaa: miti ilipakwa chokaa, wagonjwa wa korido wakapelekwa nyuma ya jiko, mahema yakasimikwa, bendi ya polisi ikaja na matarumbeta. Glavu zikapangwa mezani zikiwa zimepulizwa, zimesimama kama zinapunga mkono. Geti likafungwa kwa usalama wa mgeni. Hakuna kuingia, hakuna kutoka.

Watu walikaa tangu asubuhi. Jua likapanda, likasimama utosini. Bwana Kiligo akapokea simu, akaja kuninong'oneza kwamba Mheshimiwa atachelewa kidogo, yuko njiani anazindua gari lililokuwa limlete. "Wachangamshe watu," akasema.

Nikawachangamsha. Nilisema vichekesho vyangu vyote. Nilikuwa naanza kurudia kile cha fisi na daktari wa meno nilipomwona Nyamizi amesimama nyuma ya hema.

"Kaka Pazi," akasema. "Kidonda cha mdogo wako kimeachia. Kinatoka usaha. Nikifungue sasa hivi nikisafishe, nikingoja jioni sikuahidi kitu. Na geti limefungwa, siwezi kwenda kwa Bi Mwamvita."

"Umemwambia Dakta?"

"Amesema nivumilie, mgeni yuko njiani."

Alisema bila hasira. Nimeona watu wakikasirika, na hasira ina matumaini ndani yake. Nyamizi hakuwa nayo tena, alikuwa anataka tu mtu mwingine ajue. Nikaangalia mikono yake, myeusi ya kazi. Nikaangalia bango. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikasema moyoni, haya basi, na aje.

"Una mkasi?" nikamwuliza.

"Wa bandeji."

"Nenda kasimame kwenye bomba. Ukisikia wimbo wa taifa, fanya kazi yako."

Nikapanda jukwaani. Nikakohoa. "Mabibi na mabwana, muda tuliokuwa tukiusubiri umewadia. Naomba wote tusimame. Mgeni rasmi amewasili, na kwa unyenyekevu wake amechagua kuingia moja kwa moja wodini. Bendi, wimbo wa taifa!"

Mtu wa nchi yetu akiambiwa mgeni rasmi amewasili, miguu yake husimama kabla masikio hayajamaliza kusikia. Mawaziri wetu hubadilishwa mara kwa mara, hakuna anayejua sura ya yupi ni yupi. Wote wakasimama. Dakta Lwanda alianza kupiga makofi. Bwana Kiligo alifungua mdomo, lakini matarumbeta yalikuwa yameshalia, na kwa sheria za nchi yetu anayetikisika wimbo wa taifa ukipigwa anakula kifungo. Sheria hiyo aliiandika yeye.

Madirisha ya wodi yalikuwa wazi, kila mtu aliona. Nyamizi alikata utepe. Akafungua bomba. Maji yakatoka, mengi, yakipiga sinki kwa kelele. Akalowesha. Akapaka sabuni. Kiganja kwa kiganja. Nyuma ya mkono. Katikati ya vidole. Bwana Kiligo alisimama wima mikono ubavuni, jasho linamtoka, macho tu ndiyo yalikuwa yakimkimbia huku na huku. Ubeti ukaisha. Bendi ikaninyooshea shingo.

"Beti zote!" nikasema kwenye kipaza sauti.

Wimbo wetu wa taifa ni mrefu, maana kila awamu iliongeza ubeti wake. Sijawahi kuupenda kama siku ile. Ubeti wa amani aliosha gumba. Ubeti wa mifugo na madini alisuuza. Akainua mikono juu, safi, inachuruzika, akapita katikati ya vitanda hadi kwa mdogo wangu. Wasaidizi wenzake wakaja sinki nyuma yake mmoja mmoja, maana mtu mmoja si maandamano. Bendi ilipoishiwa pumzi, Nyamizi alikuwa ameshafungua kidonda, amekiosha, amekifunga upya, na mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa anaulizwa jina lake kamili.

Nilisikia Sikudhani akilia kwa maumivu. Nilifurahi kumsikia.

*

Mheshimiwa alifika jioni. Utepe ulikuwa umeunganishwa kwa plasta ya vidonda, akakata palepale kwenye plasta, hakugundua. Akahutubia. "Ndugu wananchi," alisema, "usalama wa mgonjwa unaanzia mikononi, na mikono inaanzia serikalini!" Alinawa, akajifuta, akasimama kupigwa picha. Kibao cha marumaru chenye jina lake kikafunuliwa ukutani.

Mimi nilishitakiwa kwa kosa la kuzindua bila hadhi. Hukumu ilikuwa nisishike kipaza sauti chochote maisha yangu yote. Hakimu aliniuliza kama nina la kusema, nikamwuliza ni saa ngapi. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nataka kurudi wodini kabla saa za kutazama wagonjwa hazijaisha. Nyamizi hawakumshitaki. Ingewabidi wakiri kwamba maji yalitoka mapema.

Kidonda cha Sikudhani kilifunga polepole, kuanzia chini kuja juu, kama vidonda vinavyotakiwa kufunga. Alirudi nyumbani na mwanawe mgongoni, yeye akitembea ameinama kidogo, na hadi leo anainama kidogo. Alimwita mtoto Mwasiti. Afisa wa takwimu hajasema kitu.

Mnataka kujua bomba? Bomba lilidumu wiki ile tu. Kisha gari la wizara likaja na fundi, akaling'oa ukutani, akaziba tundu kwa kipande cha mti na kitambaa. Lilikuwa linahitajika kwenye uzinduzi wa wilaya jirani. Nasikia tangu hapo limezinduliwa karibu nchi nzima, na limeanza kuvuja. Kibao cha marumaru kimebaki, kinafutwa vumbi kila asubuhi.

Nyamizi akaenda stoo, akatoa kibuyu chirizi chake, akakitundika mtini palepale. Kikafanya kazi mpaka Bwana Kiligo alipokiona. Safari hii alikipenda. Alisema huo ni ubunifu wa wazawa na lazima Mheshimiwa akione. Akatoa utepe mfukoni.

Kwa hiyo Nyamizi amerudi kwa Bi Mwamvita. Utamwona, ukipita barabara ile, anavuka mikono juu, mvi zimeanza kumwota pembeni. Mimi sina kazi serikalini tena, ila kila asubuhi nakwenda. Huwa namngoja kwenye vibanda vya chipsi. Akitoka, namtangulia. Nasimamisha malori kwa mkono. Nafungua geti, nafungua mlango wa korido, nafungua mlango wa wodi, nasogea pembeni.

Kipaza sauti sina. Namwambia mlinzi kwa sauti yangu ya kawaida, "Pisha, mzee. Mgeni rasmi amefika."